Dawa ipi kwa mwenye maradhi ya seli za masti? Ulinganisho wa dawa za maumivu, za ganzi na za dharura

Katika maduka ya dawa ya Ngamiani na Makorora jijini Tanga, na hata kwenye foleni za Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Bombo, mtu aliyewahi kuanguka baada ya kupewa dawa hupata mashauri mawili yasiyopatana. Wapo wanaomwambia asiguse tena dawa yoyote ya maumivu wala asikubali sindano ya aina yoyote, na wapo wanaomwambia ameze piritoni kwanza kisha atumie chochote kile. Shauri la kwanza humwacha mgonjwa na maumivu yasiyo na tiba, na la pili humpa ulinzi ambao haupo. Kwa mtu mwenye maradhi ya seli za masti, au anayeshukiwa kuwa nayo, njia iliyo bora ni kulinganisha dawa moja na nyingine: inaziamshaje seli hizo, inaingia mwilini kwa kasi gani, na je, mwili huu umekwisha kuipokea siku za nyuma bila madhara? Ulinganisho huu ni wa kwenda nao kwa daktari, wala haukuandikwa ili mtu ajitibu nao nyumbani.

Seli za masti zilielezwa na Paul Ehrlich, mwanasayansi wa Kijerumani, mwaka 1878. Kila mtu anazo, zimetanda katika ngozi, utumbo, njia za hewa na kandokando ya mishipa ya damu, na ndani yake mna vifuko vilivyojaa histamini, triptasi na kemikali nyingine. Zikiamshwa, hufungua vifuko hivyo kwa ghafla: ngozi huwasha na kuvimba, tumbo hukata, kifua hubana, mishipa ya damu hutanuka na shinikizo la damu huporomoka. Hali hiyo ikichukua mwili mzima kwa haraka ndiyo anafilaksia, yaani mshtuko wa mzio, nayo huweza kuua ndani ya dakika chache.

Maradhi yenyewe ni zaidi ya aina moja. Katika mastositosisi seli hizi huzaliana kupita kiasi, ama katika ngozi peke yake, ama katika uboho wa mifupa na viungo vingine vya ndani, na kwa watu wazima walio wengi chanzo chake ni badiliko la jeni iitwayo KIT. Kwa watoto, mara nyingi ugonjwa huishia kwenye ngozi na hufifia kabla au wakati wa kubalehe. Wapo pia watu ambao seli zao hazijazidi, lakini huamka kwa urahisi mno, na wapo waliorithi nakala za ziada za jeni inayotengeneza triptasi, jambo lililobainishwa mwaka 2016.

Mzio wa dawa na maradhi ya seli za masti

Ulinganisho wa kwanza ni kati ya mzio wa kawaida wa dawa na maradhi haya, kwa sababu hayo mawili hudai maamuzi tofauti hata pale ambapo dalili zake zinafanana kabisa. Mwenye mzio wa penisilini ana kingamwili zinazoitambua penisilini. Adui yake ni dawa hiyo na ndugu zake wa karibu, na kinga yake ni kuiepuka. Mwenye maradhi ya seli za masti hana adui mmoja. Seli zake zinaweza kuamshwa na nyuki, nyigu, pombe, joto kali linalofuatwa na baridi ya ghafla, msuguano wa ngozi, hofu, maumivu, na baadhi ya dawa. Kwa watu wazima wenye mastositosisi, mdudu mwenye mwiba ni miongoni mwa vyanzo vinavyoongoza vya mshtuko, kwa hiyo mrina asali wa Handeni au Muheza mwenye maradhi haya ana sababu ya kuogopa mzinga kuliko kuogopa kidonge.

Mwaka 2015 watafiti walionyesha kwamba baadhi ya dawa hukishika moja kwa moja kipokezi kilicho juu ya seli za masti, kiitwacho MRGPRX2, na kuziamsha bila kingamwili yoyote kuhusika. Miongoni mwake zimo siprofloksasini na ndugu zake, pamoja na baadhi ya dawa za kulegeza misuli wakati wa upasuaji, na utafiti uliofuata uliongeza vankomisini na mofini katika orodha hiyo. Kwa njia hii madhara hutegemea sana kipimo na kasi. Dawa iliyomdhuru mtu iliposukumwa mshipani kwa dakika moja huenda isimdhuru ikitiririshwa polepole kwa saa nzima, ilhali kwa mwenye mzio wa kingamwili hata kiasi kidogo sana kinaweza kuwasha moto. Kwa sababu hiyo, swali la «ilikuwa dawa gani» halitoshi. Lazima aulizwe pia ilipitia wapi, ilitolewa kwa haraka kiasi gani, na pamoja na nini.

Hali hizo mbili zaweza kukaa katika mwili mmoja, na hapo ndipo hatari inapozidi, kwa maana mzio ambao kwa mwingine ungeishia kwenye vipele, kwa huyu hushusha shinikizo la damu hadi kuzimia. Hata hivyo jina la mzio lisiandikwe katika faili kwa wepesi. Wengi wa walioandikiwa kwamba wana mzio wa penisilini, takribani tisa katika kila kumi, wakipimwa ipasavyo huonekana kwamba wanaivumilia. Mtu anayenyimwa penisilini bila sababu hupewa dawa nyingine zilizo ghali zaidi, na kwa mwenye maradhi ya seli za masti baadhi ya hizo mbadala ndizo zinazomwamshia seli.

Kutenganisha hali hizi kunahitaji damu iliyochukuliwa kwa wakati. Triptasi hupanda baada ya mshtuko, kwa hiyo sampuli ya kwanza ichukuliwe mara tu hali ya mgonjwa inapotulia, vyema ndani ya saa mbili na isizidi saa nne tangu dalili zilipoanza, na ya pili ichukuliwe baada ya saa 24 au zaidi, mgonjwa akiwa mzima. Kipimo cha siku ya shari kikizidi mara 1.2 ya kile cha siku ya kawaida, ukiongeza nanogramu 2 kwa mililita, hiyo ni ishara kwamba seli za masti zilifunguka. Kiwango cha siku ya kawaida kikizidi nanogramu 20 kwa mililita, daktari ana sababu ya kuutafuta ugonjwa kwenye uboho. Triptasi haiharibiki upesi, hivyo majimaji ya damu yaliyotenganishwa na kugandishwa yanaweza kusafirishwa hadi kwenye maabara inayopima. Umbali usiwe kisingizio cha kuacha kuchukua sampuli.

Ngozi nayo husema. Madoa ya rangi ya kahawia yanayovimba na kuwasha yakisuguliwa ni dalili kubwa ya mastositosisi ya ngozi. Vitabu vingi huelezea wekundu, lakini kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo mtazamaji atumie vidole kupapasa uvimbe na joto. Madoa hayo hudhaniwa kuwa makovu ya upele, na mtoto hupakwa dawa miezi na miezi bila nafuu. Wataalamu wa ngozi wa hospitali ya KCMC mjini Moshi wanaweza kukata kipande kidogo na kumaliza ubishi.

Kuna jambo moja ambalo sisi watu wa pwani hatuna budi kulikumbuka kabla ya kuilaumu dawa. Vibua, jodari na samaki wa jamii hiyo wakikaa juani bila barafu hujitengenezea histamini nyingi katika nyama yao, na moto wa jikoni hauiondoi. Aliyekula samaki wa namna hiyo mchana akameza dawa muda huohuo atawashwa, uso utampanda joto, kichwa kitamuuma, na lawama yote itaangukia kidonge. Kwa mwenye maradhi ya seli za masti, histamini hiyo huongezeka juu ya ile iliyokwisha kumwagika mwilini mwake. Basi anayepokea mgonjwa aulize pia alikula nini.

Dawa za maumivu

Hapa ndipo uchaguzi unapofanywa kila siku, na hapa ndipo makosa yanapokuwa mengi. Makundi ni matatu: parasetamoli, dawa za jamii ya asprini kama ibuprofeni na diklofenaki, na dawa za jamii ya afyuni kama kodeini, mofini, pethidini na fentanili.

Parasetamoli ndiyo ya kuanzia. Haiamshi seli za masti kwa njia inayojulikana, na wagonjwa walio wengi huivumilia. Udhaifu wake ni nguvu ndogo: haitoshi kwa mfupa uliovunjika wala kwa kidonda cha upasuaji. Mtu mzima asivuke gramu 4 kwa siku, kwa kuwa ikizidi hapo hudhuru ini. Ikiwa maumivu ni ya jino, ya mgongo au ya hedhi, sioni sababu ya mgonjwa wa namna hii kuruka dawa hii na kukimbilia nyingine.

Dawa za jamii ya asprini zina nguvu zaidi dhidi ya uvimbe, lakini zina mlango wake wa hatari. Huzuia kimeng'enya kimoja, na kwa baadhi ya watu kizuizi hicho hugeuza mkondo wa kemikali mwilini kuelekea zile zinazobana kifua na kuvimbisha ngozi. Aliyedhurika na moja katika kundi hili mara nyingi hudhurika na nyingine, hata kama majina hayafanani, kwa sababu hatari imo katika kazi yenyewe ya dawa. Mtu wa namna hiyo asibadilishiwe asprini kwa ibuprofeni kana kwamba ametolewa hatarini. Mwenye pumu na vinyama vya puani awe na tahadhari maradufu.

Lakini upande wa pili nao usemwe kwa uwazi. Mwenye maradhi ya seli za masti ambaye kwa miaka mingi amekuwa akimeza ibuprofeni bila shida hana sababu ya kukatazwa leo kwa vile tu ametajiwa jina la ugonjwa wake. Kumkataza ni kumpunguzia dawa alizo nazo bila kumwongezea usalama. Ambaye hajawahi kuitumia kabisa, au hakumbuki, aipewe kwa mara ya kwanza hospitalini, kwa kipimo kidogo kinachopandishwa, mbele ya watu wenye adrenalini mkononi.

Njia ya kuitoa ina uzito uleule. Sindano ya diklofenaki inapendwa sana na wagonjwa wetu, nami naelewa kwa nini: mtu ametoka Pangani au Mkinga na maumivu yake, hataki kurudi na vidonge tu. Hata hivyo sindano ikishaingia haitoki, na dalili huja kwa kishindo, ilhali kidonge humezwa kwa kiasi na huingia taratibu. Kwa mwenye maradhi haya, kati ya sindano na kidonge cha dawa ileile, kidonge kitangulie isipokuwa pale ambapo mgonjwa hawezi kumeza. Na sindano ya namna hiyo isichomwe dukani.

Kundi la afyuni linatofautiana ndani yake lenyewe, na tofauti hiyo ndiyo yenye faida kubwa kwa mgonjwa. Mofini, kodeini na pethidini huweza kuzifungua seli za masti moja kwa moja. Fentanili hufanya hivyo kwa uchache sana, na kwa sababu hiyo ndiyo inayopendelewa wakati wa upasuaji. Kodeini yafaa ikumbukwe kwa namna ya pekee, maana hujificha ndani ya baadhi ya dawa za kikohozi na vidonge vya mchanganyiko, na mgonjwa hajui kwamba ameimeza. Asome kibandiko, au amwombe mfamasia amsomee.

Hata hivyo, mofini isiandikwe kwamba ni haramu kwa kila mwenye maradhi haya. Mgonjwa wa saratani, au aliyevunjika paja katika ajali ya bodaboda, ana maumivu ambayo parasetamoli haiyafikii, na maumivu makali nayo huamsha seli za masti. Ikiwa fentanili haipo, mofini inaweza kutolewa kwa vipimo vidogo vidogo, polepole, baada ya dawa ya kuzuia histamini, mgonjwa akiangaliwa shinikizo la damu na pumzi. Kumwacha alie usiku kucha kwa hofu ya dawa ni kumdhuru kwa njia nyingine.

Ganzi ya mgongo au nusu kaputi

Mama anayekwenda kujifungua kwa upasuaji, au mzee wa ngiri, huulizwa au huamuliwa mojawapo kati ya hizi mbili. Kwa upande wa seli za masti, ganzi ya mgongo ina faida iliyo wazi: dawa ni chache, na bupivakaini na lidokaini huvumiliwa vizuri. Nusu kaputi huleta dawa nyingi mshipani ndani ya dakika chache, na ikitokea shari ni vigumu kujua ipi ilisababisha. Katika mkusanyiko huo dawa za kulegeza misuli ndizo za kuangaliwa zaidi: atrakuriamu na mivakuriamu huepukwa, na vekuriamu au rokuroniamu huchaguliwa. Thiopentali nayo huweza kumwaga histamini, ilhali propofoli, gesi za kuvuta, na ketamini, ambayo inajulikana vyema katika hospitali zetu, ni nyepesi kwa seli hizi.

Upungufu wa ganzi ya mgongo ni kwamba yenyewe hushusha shinikizo la damu. Mgonjwa ambaye mishipa yake ni mepesi kutanuka anaweza kushuka zaidi, na mtoa ganzi akababaika kama ni ganzi au ni mshtuko wa mzio. Pamoja na hayo, pale ambapo upasuaji unaruhusu zote mbili, ningependelea ya mgongo, kwa sharti kwamba dripu iwe imekwisha kufungwa na adrenalini iwe juu ya meza. Ikiwa upasuaji unadai nusu kaputi, mgonjwa asikate tamaa: wenye mastositosisi hulazwa kwa nusu kaputi na kuamka salama, mradi dawa zimechaguliwa.

Yapo mambo madogo yanayofaa kwa njia zote mbili. Mgonjwa asiachishwe dawa zake za kila siku asubuhi ya upasuaji. Apewe kabla dawa ya kuzuia histamini, na nyingine ya jamii ya famotidini, na ya kutuliza hofu ikihitajika. Afunikwe vizuri, kwa kuwa kutoka kwenye joto la Tanga na kuingia katika chumba chenye kiyoyozi kikali ni kichocheo cha bure. Dawa zitolewe moja moja, kwa nafasi.

Kuhusu antibiotiki maneno ni machache. Vankomisini itiririshwe polepole, kwa kuwa ikikimbizwa humfanya hata asiye na ugonjwa wowote awashwe na ngozi imbadilike. Siprofloksasini itumike pale inapohitajika kweli, si kwa kila tumbo linalouma. Penisilini na seftriaksoni hazimo katika kundi la zinazoamsha seli moja kwa moja, na mtu ambaye hana mzio nazo anaweza kuzitumia.

Adrenalini, piritoni na haidrokotisoni

Dawa hizi tatu huwekwa katika trei moja, na kwa bahati mbaya mara nyingi huchomwa kwa mpangilio wa kinyume. Piritoni hupunguza muwasho na vipele, lakini haiinui shinikizo la damu wala haifungui njia ya hewa. Haidrokotisoni huchukua saa kadhaa kufanya kazi. Adrenalini peke yake hubana mishipa iliyotanuka, hufungua kifua, huupa moyo nguvu, na huzituliza seli za masti zisiendelee kumwaga. Mgonjwa anayepumua kwa shida, anayezimia, au mwenye vipele vya ghafla pamoja na kutapika au kubanwa kifua, achomwe adrenalini kwanza. Hizo nyingine zisubiri.

Kipimo cha mtu mzima ni miligramu 0.5, yaani nusu mililita ya ampuli yenye miligramu 1 katika mililita 1, kwenye msuli wa paja kwa upande wa nje. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 hupewa mililita 0.3, na aliye chini ya hapo mililita 0.15. Ikiwa hakuna nafuu baada ya dakika 5, irudiwe. Alazwe chali, miguu iinuliwe, na asisimamishwe ghafla wala kutembezwa hadi kwenye gari, maana kusimama huweza kuusimamisha moyo usio na damu ya kutosha. Anayeshindwa kupumua aachwe akae. Hata akipata nafuu asirudishwe nyumbani papo hapo, kwa sababu dalili zaweza kurudi saa kadhaa baadaye.

Kwa wanaopaswa kutembea na adrenalini, uchaguzi ni kati ya kalamu inayojichoma yenyewe na ampuli pamoja na bomba la sindano. Kalamu ni nyepesi kutumia hata kwa mtoto wa shule aliyefundishwa, na haikosei kipimo, ila ni ghali na huisha muda wake. Ampuli ni rahisi kwa bei, lakini inadai mikono isiyotetemeka na mtu aliyefundishwa, na hatari yake kubwa ni kuichoma mshipani kwa kipimo cha msuli. Kwa familia yenye muuguzi au mhudumu wa afya ndani ya nyumba, ampuli yatosha. Kwa anayeishi peke yake au mvuvi anayelala baharini, kalamu ina thamani ya gharama yake ikiwa anaimudu. Zote mbili zihifadhiwe mbali na jua na joto, zisiachwe ndani ya gari wala juu ya dirisha, na ampuli isivutwe kwenye bomba siku nyingi kabla ya kuhitajika.

Anayetumia propranololi, atenololi au dawa nyingine ya jamii hiyo kwa ajili ya shinikizo la damu amweleze daktari mapema, hata kama ni tone la macho la timololi, kwa sababu dawa hizo hudhoofisha kazi ya adrenalini. Asiziache mwenyewe kwa ghafla. Daktari ndiye atakayepima kama ipo mbadala.

Kilichobaki ni maneno ya kumwambia kila mhudumu mpya, yaandikwe pia kwenye kadi inayokaa pamoja na kitambulisho: «Shikamoo daktari. Nina maradhi ya seli za masti. Dawa hizi nimezitumia salama: parasetamoli ya kumeza, ibuprofeni, lidokaini ya meno. Dawa hii ilinidhuru: mofini ya mshipani, mwaka fulani, nikazimia. Nikizidiwa, nichome adrenalini ya paja kwanza.» Majina na mwaka vibadilishwe kulingana na historia ya mwenyewe, na orodha ya zilizo salama itangulie ile ya zilizodhuru, maana mhudumu wa usiku mwenye haraka anahitaji kwanza kujua cha kumpa. Dawa ikidhuru, mhudumu au mgonjwa mwenyewe atoe taarifa kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, akiandika njia iliyotumika, kipimo, na dakika ngapi zilipita kati ya dawa na dalili ya kwanza.